Breka za Kampuni Tofauti Kwenye Bodi Moja: Namna ya Kukagua na Kurekebisha

Swali hili haliishi. Anauliza kijana aliyemaliza VETA Chang'ombe na kupata kazi yake ya kwanza, anauliza mama mwenye nyumba Tabata, anauliza mpangaji wa Sinza aliyemwona fundi akichomeka breka nyeupe katikati ya breka za kijivu kwenye bodi ya umeme ya nyumba: "Si imeingia vizuri? Taa zinawaka, friji inafanya kazi. Ubaya uko wapi?" Na dukani Kariakoo muuzaji ameshasema neno lake: "Bosi, chukua hii, zote zinaingiliana."

Ubaya upo, ila hauonekani siku ya kwanza. Unajitokeza baada ya miezi, pale kiungo (mahali breka inaposhikana na shaba au waya) kilichobanwa nusunusu kinapobebeshwa kiyoyozi usiku kucha. Mwongozo huu ni wa fundi anayeanza na wa mwenye nyumba anayetaka kujua fundi wake anatakiwa kufanya nini. Fuata hatua kwa mpangilio wake, usiruke.

Nadharia kidogo tu

Breka ya nyumbani hupimwa kwa kiwango cha IEC 60898-1, na hupimwa yenyewe peke yake. Bodi nzima, yaani kasha, reli, basiba (shaba inayogawa umeme kwa breka), mein swichi na breka zikiwa zimekaa pamoja, ina kiwango chake: IEC 61439, na sehemu ya 3 ndiyo inayohusu bodi zinazoendeshwa na watu wa kawaida majumbani. Kwa hiyo nembo ya ubora kwenye breka inakuthibitishia breka. Kama breka hiyo ikikaa kwenye basiba ya kampuni nyingine itabanwa sawasawa, itapoa, na itastahimili shoti, hilo hakuna aliyelipima.

Sasa tazama hesabu. Kiungo kizuri kina ukinzani mdogo sana. Kikilegea kidogo na kufikia mili-omu 10, mkondo wa ampea 30 ukipita hapo unazalisha wati 9 za joto (30 × 30 × 0.01). Wati 9 zikikaa kwenye eneo dogo kuliko ukucha, ndani ya kasha lililofungwa, zinatosha kuoksidisha shaba. Shaba ikioksidika ukinzani unapanda, ukinzani ukipanda joto linaongezeka, na mzunguko huo haurudi nyuma wenyewe.

Na breka haina habari. Breka ya 32 A inatakiwa kubaki imeshika kwa saa nzima ikiwa imebeba mara 1.13 ya namba yake, yaani karibu ampea 36, na inalazimika kukata ndani ya saa moja pale mkondo unapofika mara 1.45, yaani ampea 46 hivi. Ampea 30 zako ni halali kabisa machoni pake. Plastiki inaungua, breka imeshika. Hili ndilo ningependa kila fundi alikariri, kwa sababu watu wengi wanaamini kwamba "kukiwa na hatari breka itakata".

Uingereza walilazimika kulitazama jambo hili kwa karibu. Zimamoto ya London iliona moto unaoanzia kwenye bodi za plastiki za majumbani ukiongezeka, na viungo vilivyolegea vikawa chanzo kilichotajwa sana. Tangu Januari 2016 kanuni zao zinadai kasha la bodi ya nyumbani liwe la kitu kisichoungua, kama chuma, au bodi iwekwe ndani ya kabati la namna hiyo.

Nani afanye nini

Mwenye nyumba au mpangaji: hatua ya 1 na ya 2 unaweza kuzifanya mwenyewe, kifuniko kikiwa kimefungwa. Kuanzia hatua ya 3 ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Simama pembeni, uliza maswali, dai kuona vipimo. Usiguse.

Fundi mchanga ambaye bado hujapata leseni: fanya chini ya fundi aliye nayo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kipima umeme cha ncha mbili au multimita nzima. Testa ya bisibisi yenye taa ndogo haitoshi. Inaweza kukaa kimya mahali penye umeme.
- Bisibisi zenye mpini wa kuzuia umeme, zilizoandikwa 1000 V, na zinazolingana na vichwa vya skrubu.
- Bisibisi ya kupimia nguvu ya kukaza, ile yenye namba za Nm. Wengi hawana. Mkiwa mafundi watatu mnaofanya kazi pamoja, nunueni moja mshirikiane.
- Kufuli ndogo na kibao cha "USIWASHE, FUNDI YUPO KAZINI".
- Taa ya kichwani.
- Rula ya milimita, au venia kama unayo.
- Mega ya 500 V, yaani kipima ukinzani wa gamba la waya.
- Kipima joto cha kulenga kwa mbali.
- Simu ya kupigia picha, karatasi na kalamu.
- Karatasi ya maelekezo ya bodi kutoka kwa mtengenezaji. Kama imepotea, itafute kwenye tovuti yake kwa namba ya modeli.

Hatua ya 1: Jua bodi ni ya nani

Fungua mlango mdogo wa bodi (mlango tu, kifuniko cha ndani kisiguswe). Tafuta lebo: jina la kampuni, jina la mfululizo, ampea za bodi nzima, na viwango vilivyofuatwa. Ipige picha.

Bodi isiyo na jina wala lebo yoyote ni ya kushukiwa tangu mwanzo. Hakuna wa kumuuliza inakubali breka gani, kwa hiyo ukifika hatua ya 7 jibu lake ni moja tu, kuibadilisha.

Hatua ya 2: Andika kila kilichomo

Chora mstari wa bodi kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa kila kifaa andika kampuni, mfululizo, herufi na ampea (mfano C16 au B32), namba iliyo ndani ya kisanduku cha mstatili (4500, 6000 au 10000), na kinacholisha nini.

Herufi inaeleza breka inakata papo hapo kwa mkondo wa ukubwa gani: B ni mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. Namba ya kwenye mstatili ni ampea za juu kabisa za shoti ambazo breka inaweza kuzikata kwa usalama.

*Angalizo:* kufanana jina la kampuni hakutoshi. ABB, Schneider, Hager, Chint, Legrand, kampuni zote kubwa zina mifululizo zaidi ya mmoja, na mifululizo miwili ya kampuni moja inaweza kutumia basiba zisizofanana. Ukiona jina moja na sura mbili, iandike kama tofauti mpaka uthibitishe.

*Angalizo la pili:* breka feki nayo huchanganya bodi. Maandishi yanayofutika ukiyasugua kwa kidole, breka nyepesi kuliko mwenzake wa modeli ileile, kiwashio kinacholegalega: usiihesabu kama ya kampuni iliyoandikwa juu yake.

Hatua ya 3: Zima, funga, hakikisha

1. Zima vifaa vizito kwanza (kiyoyozi, hita ya maji, jiko).
2. Zima breka moja moja, kisha mein swichi.
3. Zima na utenge jenereta, inveta na sola. Dar nyumba nyingi zimefungwa inveta kwa ajili ya siku za kukatika umeme, na inveta hurudisha umeme kwenye bodi kimyakimya sekunde chache baada ya wewe kuzima mein swichi.
4. Weka kufuli na kibao.
5. Jaribu kipima umeme chako mahali unapojua pana umeme, kisha pima kwenye bodi: laini na nyutro, laini na ethi, nyutro na ethi. Kisha rudi ukijaribu tena pale penye umeme. Kipima kinaweza kufa katikati ya kazi.

*Angalizo kubwa:* ukizima mein swichi, waya zinazotoka kwenye mita ya LUKU na kuingia juu ya mein swichi bado zina volti 230, au 400 kati ya fezi na fezi kwa nyumba ya fezi tatu. Kuzizima hizo ni kazi ya TANESCO. Usikate lakiri ya mita, usipande nguzo, usimtume mtu apande. Kama kazi yako inagusa mein swichi yenyewe, omba TANESCO wakate kwanza.

Usitegemee rangi. Nyumba za zamani za Ilala, Upanga au Magomeni zina rangi za zamani za Kiingereza: nyekundu ni laini, nyeusi ni nyutro, na kwenye fezi tatu bluu ni FEZI. Kwa rangi za sasa bluu ni nyutro. Nyumba iliyoongezwa vyumba inaweza kuwa na zote mbili ndani ya kasha moja. Pima kila waya.

Hatua ya 4: Fungua kifuniko, tazama bila kugusa

Angalia na unuse. Plastiki iliyogeuka kahawia karibu na terminali, gamba la waya lililokauka na kupasuka, shaba yenye rangi ya kijani, harufu kama ya samaki wakati hapajapikwa samaki: hizo ni dalili za joto au unyevu. Ukanda wa pwani, kuanzia Mbezi Beach hadi Kigamboni, hewa ya chumvi inakula shaba haraka, na kiungo kilichobanwa nusu ndicho kinachoanza kuliwa kwa sababu hewa inaingia hadi ndani.

Piga picha kabla hujasogeza chochote. Utazihitaji.

Hatua ya 5: Kagua kiungo cha basiba na breka

Hapa usiwe na haraka. Nyumba ikiungua kwa kuchanganya breka, mara nyingi chanzo ni hapa.

Basiba ni kile kipande cha shaba chenye meno kinachopeleka umeme kutoka mein swichi kwenda kila breka. Kila jino linaingia kwenye terminali na kubanwa na taya, ile inayopanda ukikaza skrubu. Kila kampuni imelikata jino lake kwa taya yake. Mambo matano ya kukagua:

*Aina ya jino.* Kuna meno ya pini yanayoingia ndani ya taya, na kuna ya uma yanayokaa chini ya kichwa cha skrubu. Breka ya taya tupu ikipewa jino la uma, jino linashikwa kwa ncha tu. Ukikuta jino limekatwa, limekunjwa au limesagwa kwa tupa ili liingie, kiungo hicho kimeshakufa hata kama bado kinapitisha umeme.

*Urefu na kina.* Toa breka moja ya kampuni ya bodi na breka ya kampuni ngeni, zisimamishe sambamba mezani. Tazama matundu ya terminali. Moja inaweza kuwa juu kwa milimita kadhaa, au ndani zaidi. Tofauti hiyo inatosha jino kuishia mlangoni mwa taya bila kuingia.

*Jino nyuma ya taya.* Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu skrubu inakaza vizuri kabisa mkononi. Taya inapanda, inabana hewa, na jino limekaa nyuma yake likigusa kwa bahati tu. Breka inawasha, multimita inasoma 230, kila mtu anafurahi. Jaribu hivi: umeme ukiwa umezimwa na kuhakikishwa, shika breka na uivute kuelekea kwako, kisha utikise basiba. Breka iliyobanwa sawasawa haiachani na jino. Ikitoka au ikicheza, umepata tatizo lako.

*Umbali wa jino na jino.* Breka ya moduli moja ina upana wa milimita 17.5 kwa baadhi ya kampuni, na karibu 18 kwa nyingine. Hata tuseme tofauti ni milimita 0.3 tu, inaonekana si kitu. Kwenye bodi ya njia 12 inakuwa milimita 3.6, na breka za mwisho zinalazimishwa kukaa upande. Jino linalovutwa kando haliachi kusukuma, usiku na mchana, chuma kikipanuka na kusinyaa.

*Waya na jino kwenye taya moja.* Fundi anataka kuchukua laini ya nyongeza, anachomeka waya wa 2.5 mm² pembeni ya jino. Jino ni nene, linazuia taya isifunge, waya unabaki umelegea. Usifanye hivyo isipokuwa karatasi ya mtengenezaji imeruhusu kwa maneno na mchoro.

Kuna na njia nyingine ninayoiona sana: fundi akikosa basiba inayolingana anaruka kwa vipande vya waya kutoka breka hadi breka. Waya ukiwa mwembamba kuliko mkondo unaopita, kipande cha kwanza kinabeba mzigo wa nyumba nzima bila breka yoyote ya kukilinda mbele yake isipokuwa ya kule kwenye nguzo au mita. Kifungue.

Hatua ya 6: Kagua RCCB na mein swichi

RCCB, ile inayokata umeme ukivuja kwa mtu au kwenye ethi (ya 30 mA kwa nyumbani), si breka. Haikati mzigo uliozidi, na haikusudiwi kuivunja shoti kubwa peke yake. Inategemea breka au fyuzi iliyo mbele yake, na mtengenezaji huchapisha jedwali linaloonyesha ni ipi na ya ampea ngapi. Jedwali la kampuni moja halizungumzii breka za kampuni nyingine. Kinachobaki kukusaidia ni alama ya fyuzi yenye namba iliyochapwa usoni mwa RCCB. Isome na uiheshimu.

Kisha tazama herufi N. Kampuni nyingine huweka nyutro kushoto, nyingine kulia. Fundi anatoa RCCB mbovu, anaweka ya kampuni nyingine, waya anazirudisha "pale pale zilipokuwa", na laini inaingia kwenye tundu la nyutro. Kama kuna basiba yenye meno ya laini na nyutro, unaweza kuwasha shoti siku hiyo hiyo. Soma usoni mwa kifaa kila mara. Vilevile kikiwa kimeandikwa upande wa kuingilia na wa kutokea, usigeuze.

Hatua ya 7: Amua

Una njia nne, na nimezipanga kuanzia ile ninayoipendelea.

Ya kwanza: toa kifaa kigeni, weka cha kampuni na mfululizo wa bodi. Nenda dukani na picha ya lebo pamoja na namba kamili ya modeli. Ukienda na maneno tu, "naomba breka ya 32", utapewa ya 32 yoyote.

Ya pili: kifaa kigeni ni cha lazima lakini si breka ya kawaida, tuseme taima ya taa za nje, kontakta ya pampu ya kisima, au kinga ya radi. Kihamishie kwenye kasha lake dogo pembeni, kikilishwa na breka halali ya bodi kwa waya wa saizi sahihi. Bodi inabaki safi, na kifaa kinafanya kazi yake.

Ya tatu: badilisha bodi nzima, kasha, basiba na breka za kampuni moja. Ukikuta zaidi ya nusu ya breka ni za mchanganyiko, au bodi haina jina, usimfariji mwenye nyumba kwa viraka. Mweleze wazi. Bei inauma, lakini ni kazi ya mara moja.

Ya nne, na ni nadra: mtengenezaji wa bodi ametamka kwa maandishi kwamba kifaa hicho kinakubalika. Chukua nakala, ihifadhi. Neno la muuzaji dukani halihesabiki.

Ukichanganya bila idhini hiyo, kwa mantiki ya IEC 61439 wewe ndiye umekuwa mtengenezaji wa bodi mpya. Yote ambayo kiwanda kilipaswa kuyathibitisha, joto, shoti, nafasi kati ya vyuma, yamehamia mabegani mwako, na huna maabara ya kuyathibitishia. Fikiria shoti peke yake: breka inapoikata hutoa gesi ya moto kupitia matundu yake, na kiwanda kimepanga matundu hayo yaelekee wapi. Breka ngeni inaweza kuipuliza gesi hiyo kwenye basiba.

*Angalizo:* usishushe namba ya mstatili. Bodi ya breka za 6000 ikiingizwa moja ya 4500, njia hiyo ndiyo dhaifu. Kwenye maghorofa ya Kariakoo na Upanga yaliyo jirani kabisa na transfoma, shoti huwa kubwa, kwa hiyo hapo usicheze.

Hatua ya 8: Funga upya

1. Tumia basiba mpya ya mfululizo wa bodi. Ya zamani iliyopinda au kuungua itupe.
2. Legeza taya zote hadi chini kabisa kabla ya kuingiza meno.
3. Ingiza basiba kwa usawa, tazama kila jino kwa taa ya kichwani. Kila jino LIMO NDANI ya taya? Hesabu moja moja.
4. Kaza kwa Nm zilizoandikwa na mtengenezaji. Breka nyingi za nyumbani huwa kati ya 2 na 3.5 Nm, lakini fuata za kifaa chako. Kukaza kwa hasira nako kunavunja nyuzi za skrubu na kupinda taya.
5. Rudia kuvuta breka kama hatua ya 5.
6. Angalia breka inalingana na waya: waya wa 1.5 mm² wa taa usipewe zaidi ya 10 A, 2.5 mm² wa soketi za mstari mmoja 16 A au 20 A. 6 mm² wa jiko 32 A.
7. Ziba nafasi tupu kwa vifuniko vyake vya plastiki. Tundu linaloingiza kidole ni hatari kwa mtoto, na mijusi, mende na sisimizi hawahitaji tundu la kidole. Mjusi akikatiza laini na nyutro, umepata shoti. Katoni na selotepu visitumike, vyote vinawaka.
8. Kasha la chuma lifungwe ethi, pamoja na mlango wake.

Hatua ya 9: Pima

Kabla ya kuwasha: mega ya 500 V kati ya waya za umeme na ethi, vifaa vikiwa vimechomolewa. Chini ya megaomu 1, usiwashe, tafuta kasoro.

Washa mein swichi, kisha breka moja moja. Bonyeza kitufe cha majaribio cha RCCB. Ikate papo hapo.

Kisha weka mzigo halisi kwa saa moja: kiyoyozi, hita, pasi, jiko. Kifuniko kikiwa kimefungwa, lenga kipima joto kwenye uso wa plastiki wa kila breka. Usilenge chuma kinachong'aa, kipima kitakudanganya kwa kusoma chini. Mimi nikikuta breka moja imewazidi wenzake wenye mzigo kama wake kwa nyuzi 15 au zaidi, nazima na kufungua tena.

Hatua ya 10: Bandika kumbukumbu

Ndani ya mlango bandika karatasi: kampuni na mfululizo wa bodi, orodha ya breka, tarehe, jina la fundi na namba ya leseni. Andika kwa herufi kubwa: "BODI HII INATUMIA BREKA ZA MFULULIZO HUU TU." Fundi wa mwaka kesho huenda asiwe wewe.

Ukikwama

*Breka inakata mchana, usiku inashika.* Namba ya breka ya nyumbani imepimwa kwa nyuzi joto 30. Mchana wa Februari hapa Dar hewa tu inapita hapo, na ndani ya kasha kwenye ukuta unaopigwa na jua ni zaidi. Pima mzigo kwanza kwa klampu mita. Kama mkondo uko chini ya namba na breka bado inakata, shuku joto la kiungo chake au la breka jirani, rudi hatua ya 5. Usiweke breka kubwa zaidi ili "ivumilie". Utakayemuunguza ni waya.

*RCCB inakata mara tu baada ya kubadilishwa.* Mara nyingi nyutro zimechanganyika. Nyutro za njia zilizo chini ya RCCB lazima zirudi kwenye baa ya nyutro ya RCCB hiyo, si nyingine.

*Kitufe cha majaribio hakifanyi kitu.* Thibitisha kuna umeme na nyutro imeunganishwa. Kama ni RCCB ya fezi tatu iliyotumiwa kwenye fezi moja, kitufe hufanya kazi kwenye terminali fulani tu. Tazama mchoro wa usoni. Vikiwa sawa na bado kimya, RCCB ni mbovu.

*Kifuniko hakifungi, au kinafunga kwa kulazimishwa.* Breka ngeni imejitokeza kuliko zilizobaki. Usikate kifuniko kwa msumeno. Toa breka.

*Bodi inatoa mlio kama wa kukaanga au inanuka.* Zima mein swichi sasa hivi kama unaweza kuifikia bila kugusa palipo na joto, kisha mwite fundi. Moto ukionekana, toa watu nje, piga 114 Zimamoto, na usimwage maji.

*Mfululizo huo haupo tena sokoni.* Uliza kwanza wakala wa kampuni hiyo, si duka la reja reja pekee, kwa sababu kampuni nyingi zinapoacha mfululizo hutaja uliochukua nafasi yake na kama unaingia kwenye bodi ya zamani. Akikuthibitishia kwa maandishi, nunua. Asipothibitisha, ile njia iache imezimwa na waya wake umezibwa mwisho, mwenye nyumba ajipange kwa bodi mpya. Chumba kimoja kukaa bila soketi kwa wiki mbili kinavumilika.